UZI: Kushusha paa la asbesto nyumba nne za walimu – vifaa, mpangilio wa kazi, na mzigo unaishia wapi

Papi2x4

Wakuu, salaam. Kuna kazi ya kubadilisha paa kwenye nyumba nne za walimu, za enzi zile, zote zimeezekwa kwa asbesto. Kila nyumba ina paa la pande mbili, upande mmoja mita 11 kwa mita 5, kwa hiyo ni mita za mraba 110 kwa nyumba. Kenchi ni za mbao. Mabati yamefungwa juu ya mgongo wa wimbi kwa skrubu ndefu za kupigilia, zenye washa ya lami. Gata zinapeleka maji kwenye simtanki. Ndani kuna dari ya bodi bapa nyeupe, haijulikani ni bodi gani.

Mafundi wa kuezeka wanataka kupiga nyundo kutokea ndani yadondoke, wanasema nyumba moja inaisha kwa siku moja. Jirani ameomba yatakayotoka mazima akaezekee banda la kuku, na mwenye greda anataka vipande ajazie mashimo ya barabara. Wenye kuijua kazi hii naomba mseme: inafanywaje, kwa vifaa gani na kiasi gani?

Mkaguzi_Saiti

Mkuu, nyundo iwekwe chini kwanza.

Tunaliita bati lakini ni saruji. Ndani yake asilimia 10 hadi 15 ni nyuzi za asbesto, mara nyingi ile nyeupe, kraisotaili. Saruji ndiyo inayozishikilia. Bati likiwa zima na limetulia juu ya papi, yaani mbao zinazolibeba, nyuzi zinazotoka ni chache mno. Ukilivunja, ukalikata, ukalitoboa au ukalisugua, unaziachia, na zile zinazodhuru ni nyembamba kiasi kwamba jicho halizioni na pua haizihisi. Kwa hiyo kazi yako ina masharti mawili: bati lishuke zima, na lishuke likiwa limelowa. Vifaa vyote utakavyoambiwa humu ni vya kukusaidia kuyatimiza hayo mawili.

Sasa uzito, maana wengi hukosea hapa wakaagiza gari dogo. Bati la mawimbi makubwa la milimita 6 lina kilo 17 hivi kwa kila mita ya mraba iliyoezekwa, ukihesabu na yanapopandana. 110 mara 17 ni kilo 1,870. Nyumba nne ni tani 7 na nusu, kabla hujaongeza maji, nailoni, ovaroli zilizotumika na udongo utakaoukwangua. Bati moja la mita 2.4 ni kilo 35 hadi 40, kwa hiyo una mabati kama 50 kwa nyumba. Mtu mmoja asilishushe peke yake hata akiwa na kifua cha mbeba mizigo wa Kariakoo.

Na jambo la kuanguka. Vumbi la asbesto huua baada ya miaka 20, 30 au 40. Kuanguka kupitia bati kunaua siku hiyo hiyo. Bati la saruji lililokaa juani miaka mingi halipindi wala halitoi onyo, linakatika tu. Kuna imani kwamba ukikanyaga kwenye mstari wa skrubu uko salama kwa sababu papi iko chini yake. Papi ya inchi mbili na mguu wenye gambuti lililolowa, hebu pima mwenyewe. Pasikanyagwe mahali popote kwenye bati, mstari wa skrubu ukiwemo.

greda_la_kijiji

Mbona wazee wetu wameishi chini ya hayo mabati miaka 50 na wako salama? Hofu nyingine zinatengenezwa ili watu wauze vifaa.

Bi_Hadubini

Ndugu greda, kuishi chini ya paa zima na kulivunja paa hilo ni mambo mawili tofauti. Aliyelala chini yake hajalikata. Mgonjwa wa kawaida ni yule aliyelikata kwa grinda, aliyelitoboa, aliyekuwa anafagia baada ya fundi, na mke aliyekuwa anakung'uta na kufua nguo za kazi.

Hata hivyo usiseme wakazi hawajawahi kudhurika. Mwaka 1960 mtafiti Wagner na wenzake walitangaza wagonjwa 33 wa mesothelioma, saratani ya utando unaozunguka mapafu, karibu wote wakiwa na uhusiano na machimbo ya asbesto ya buluu ya Rasi ya Kaskazini, Afrika Kusini. Baadhi yao hawakuwahi kuajiriwa mgodini, walikuwa wameishi tu karibu. Ile ilikuwa asbesto ya buluu, kali kuliko nyeupe, lakini aina zote zimeorodheshwa na shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa kuwa zinasababisha saratani kwa binadamu. Na ukiwa mvuta sigara, hatari ya saratani ya mapafu haijumlishwi, inazidishwa.

Vipande vya kujazia barabara ndiyo njia mbaya kuliko zote: kila gari linalopita linasaga saruji na kuachia nyuzi, mwaka hadi mwaka, mbele ya nyumba za watu.

Turudi kwa Papi2x4. Hiyo dari yako isiguswe mpaka ipimwe. Bodi bapa nyeupe inaweza kuwa ya nyuzi za mbao, jasi, saruji ya asbesto, au ile bodi laini ya kuzuia moto ambayo huwa na asbesto asilimia 16 hadi 40, mara nyingi ile ya kahawia, amosaiti. Hii ya mwisho ni kazi nyingine kabisa. Inameng'enyuka kwa kidole na inataka chumba kifungwe kote kwa nailoni, mashine ya kuvuta hewa yenye kichujio cha HEPA, kile kinachonasa vumbi jembamba kabisa, na mlango wa vyumba vitatu vya kubadilishia. Mashine ishushe mgandamizo wa ndani kwa angalau paskali 5 chini ya ule wa nje na ibadilishe hewa mara 8 kwa saa. Chumba cha mita 5 kwa 4 kwa 3 ni mita za ujazo 60, kwa hiyo inahitaji kuvuta 480 kwa saa. Fundi wa paa asidanganywe aifanye kwa barakoa na ndoo.

Kuchukua sampuli: vaa barakoa, tandika nailoni chini, lowesha mahali pa pembeni, kata kipande cha sentimita 3 kwa 3 hivi kwa kisu au patasi, taratibu. Kitie kwenye mfuko wa kufunga, mfuko huo ndani ya mfuko wa pili, andika chumba na tarehe. Ziba jeraha la bodi kwa rangi au utepe, futa kwa kitambaa kibichi, na kitambaa hicho ni taka ya asbesto. Chukua sampuli moja kwa kila aina ya kitu: bati, kofia ya mgongo wa paa, dari, hata vigae vya plastiki vya sakafuni kama vipo. Mwambie mtu wa maabara unataka kipimo cha hadubini ya mwanga uliopolaraizwa. Kuchoma kwa kiberiti au kuangalia rangi si kipimo. Mabati ya saruji ya miaka ya karibuni yanatumia nyuzi nyingine na kwa macho hayatofautiani na ya zamani. Baadhi ya yale ya Ulaya yana muhuri wa NT kumaanisha hayana asbesto na AT kumaanisha yanayo, ila muhuri husaidia pale tu unapousoma vizuri, na juu ya paa lenye ukoga hausomeki.

Papi2x4

Nashukuru sana. Majibu yametoka: bati na kofia ni kraisotaili, dari ni bodi ya nyuzi za mbao, safi. Sakafu ni saruji tupu.

Bi_Hadubini

Basi umepona kwenye lililo gumu. Lakini usiseme dari ni safi. Bodi haina asbesto, juu yake kuna vumbi la miaka mingi lililodondoka kutoka tumbo la bati na kwenye matundu ya skrubu. Iache mahali pake wakati paa linashuka, itadaka vipande. Ukimaliza paa, lowesha uso wake wa juu, ishushe, ifunge kama taka ya asbesto. Kuiacha ili kuokoa hela ya dari mpya ni kumrithisha fundi umeme vumbi hilo siku atakayopanda kuvuta waya.

KenchiZaPwani

Haya, juu ya paa. Nitaandika kwa mpangilio wa kazi yenyewe.

Kabla ya kupanda, ng'oa mabomba ya gata yanayoingia kwenye simtanki na funika mdomo wa tanki na kisima chochote kilicho karibu. Toa vitu vyote ndani ya nyumba, funga madirisha, ziba matundu ya hewa kwa nailoni na utepe. Zungushia utepe wa tahadhari. Napendelea mita 10 kutoka ukutani, na upande upepo unakokwenda zaidi ya hapo. Tandaza nailoni ya geji 1000, yaani mikroni 250, kuizunguka nyumba kwa upana wa mita 3, kipande kipande kipandane sentimita 30, kingo zibanwe kwa mbao si kwa mawe yenye ncha.

Maji: bomba la mgongoni la kupulizia dawa, lita 16, jipya, lisiwe lililotumika kwa sumu ya shamba. Weka vijiko viwili vya chakula vya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, mililita 30 hivi. Sabuni inafanya maji yazame kwenye nyufa badala ya kuteleza juu kama shanga. Pulizia kwa ukungu, mgandamizo mdogo. Mashine ya presha ya kuoshea magari ni marufuku, inachimba saruji na kurusha nyuzi ukutani kwa jirani, na wanaoosha mapaa ya asbesto kwa presha ili wayapake rangi wanafanya kosa hilo hilo. Uso wa juu ndio ulioliwa na mvua na jua, nyuzi zake ziko wazi, kwa hiyo anza huko. Subiri dakika 10, rudia.

Kufungua. Mabati yaliezekwa kutoka chini kwenda juu, wewe unakwenda kinyume. Kofia kwanza, halafu safu ya juu, mwisho safu ya ukingoni. Ndani ya safu, tafuta bati ambalo kingo zake zote mbili ziko juu ya majirani zake, hilo ndilo lililowekwa mwisho. Ukianza na lililobanwa utalilazimisha, na likilazimishwa linapasuka.

Skrubu za kupigilia ndizo zinazovunja mabati mengi kuliko nyundo. Ukichomeka mtaimbo chini ya kichwa ukakandamiza, unaegemea mgongo wa wimbi na unatoboka. Fanya hivi: kwangua lami ya washa kwa patasi ya mkono, pulizia maji, shika kichwa kwa koleo la kubana na zungusha kinyume cha saa huku ukivuta juu, maana shina lake lina mzunguko. Ikigoma, ingiza mdomo wa mkasi wa kukatia nondo chini ya kichwa na ukate. Kama ni boliti ya ndoano kwenye papi ya chuma, kata nati kwa mkasi huo huo. Grinda haipandi juu, drili haipandi juu. Kila tundu pulizia tena baada ya kutoa.

Kukaa: mbao za kutembelea zenye upana wa sentimita 60 au zaidi, zifike juu ya papi tatu, zifungwe zisiteleze. Kila fundi mkanda wa mwili mzima kwenye kamba iliyovuka mgongo wa paa na kufungwa upande wa pili kwenye kitu chenye nguvu, si papi. Ukishatoa kofia na safu ya kwanza, hamishia mbao juu ya kenchi zilizo wazi, ufanye kazi ukiwa nje ya bati kabisa. Hapo kasi huongezeka. Ukiweza kupata jukwaa la kusukuma au mashine ya kuinua, usipande paa hata kidogo.

Kushusha: watu wawili juu, wawili chini, bati linatelezeshwa kwenye mbao mbili zilizoegemezwa ukingoni, huku likishikwa kwa kamba. Halirushwi. Likivunjika, simama, pulizia, okota vipande kwa mkono, tia mfukoni, ndipo muendelee. Msivikanyage.

FundiMorogoro

Kaka hapo kwenye maji napinga kidogo. Paa lenye ukoga likilowa linakuwa utelezi mtupu. Ukitiririsha maji utaua watu ukijaribu kuwaokoa mapafu.

KenchiZaPwani

Ndiyo maana nimesema ukungu. Bati linatakiwa libadilike rangi liwe jeusi jeusi, maji yasitiririke kwenye gata. Hesabu yangu ni lita 100 hadi 120 kwa nyumba ya mita 110, wala si pipa baada ya pipa. Na kwa kuwa hakuna anayekanyaga bati, utelezi unabaki kwenye mbao, zipigilie vipande vya kuzuia mguu kila sentimita 30. Mvua ikinyesha, kazi ya juu inasimama. Upepo ukiwa wa kupeperusha nailoni, inasimama pia.

OvaroliNyeupe

Naona watu wameruka barakoa. Ile ya hospitali ni ya kuzuia mate. Kitambaa ni mapambo. N95 haikubaliki kwa asbesto. Kinachotakiwa ni FFP3, barakoa ya kutupa ya daraja la juu la kuchuja vumbi, au barakoa ya mpira ya nusu uso yenye vichujio vya P3, au P100 kwa vifaa vya Kimarekani, vile vyenye rangi ya zambarau. Kwa kazi ya siku nyingi nunua ya mpira, inabana vizuri na inafutika.

Kubana ndiko kwenye kazi. Barakoa ya P3 juu ya ndevu ni sawa na kutokuwa nayo, hewa inapita njia fupi kuliko kichujio. Vinyweleo vya siku mbili tu vinatosha kuvujisha. Kuna mafundi, hasa huku pwani, ambao hawanyoi ndevu kwa sababu ya dini, na wasilazimishwe. Wapewe kofia pana yenye injini ndogo inayosukuma hewa iliyochujwa, daraja la TH3, haitegemei ngozi ya kidevu. Ni ghali. Kama haipo, mtu huyo abaki nje ya utepe afanye kazi ya usimamizi au gari.

Ovaroli ni ya kutupa, aina ya 5/6 (inayozuia vumbi na matone), yenye kofia. Kofia ya ovaroli ipite JUU ya mikanda ya barakoa, ili ovaroli ivuliwe kwanza na barakoa mwisho. Mkono wa ovaroli juu ya glavu na utepe, mguu wake juu ya gambuti. Viatu vya kamba visiingie, nyuzi zinakaa kwenye matundu ya kamba na hazitoki.

Joto. Hapa ndipo mipango mingi inapoharibika. Ukiwa ndani ya ile nguo Morogoro mwezi wa kwanza unachemka. Na huwezi kunywa maji ndani ya utepe, kila kinywaji ni kutoka, kujisafisha, kuvaa ovaroli mpya. Anza saa kumi na mbili asubuhi, toka saa mbili, ingia, toka saa nne na nusu, ingia, funga kabla ya saa saba. Hizo ni ovaroli tatu kwa mtu kwa siku. Watu sita ndani ni 18, weka 20. Nyumba moja siku mbili, nyumba nne siku nane, ovaroli 160. Anayekuambia 30 zinatosha anapanga kuzivaa tena, au kuzikung'uta.

Papi2x4

Na kujisafisha kwenyewe kunakuwaje kama hakuna bafu la maana?

OvaroliNyeupe

Sehemu moja tu ya kutokea, yenye nailoni chini. Ukiwa na kifyonza vumbi cha daraja H, kile cha vumbi hatarishi, jifyonze kichwani kwenda miguuni. Kile cha nyumbani au cha gereji kinatapika nyuzi kwa nyuma, kisiguswe. Huna? Mwenzako akufute kwa vitambaa vibichi, kitambaa kikichafuka kinatupwa, hakirudishwi kwenye ndoo. Safisha gambuti kwenye beseni kwa brashi. Pulizia ovaroli ukungu, ivue ukiikunja ndani nje mpaka ifikie miguuni pamoja na glavu, mfukoni. Futa barakoa ikiwa bado usoni, halafu uso na shingo, ndipo uivue. Vichujio vya P3 vizibwe midomo kwa utepe mpaka vitumike tena. FFP3 inatupwa. Kisha oga mwili mzima, nywele zikiwemo, kwa ndoo na kata kama ndicho kilichopo. Ndani ya ovaroli vaa kaptula na fulana za kubaki saiti. Hakuna nguo inayokwenda nyumbani kufuliwa.

Maji ya beseni yachujwe kwa kitambaa kizito, mabaki yaingie kwenye taka.

Mkaguzi_Saiti

Naongeza kufunga, maana kwenye hesabu za nailoni watu hupunja. Mabati yafungwe matatu matatu, kilo 110 hivi, watu wanne wanabeba bila kugombana. Nyumba ya mabati 50 ni mafungu 17. Tabaka moja kwa fungu ni kama mita za mraba 9, na yanatakiwa matabaka mawili, kila moja limefungwa kwa utepe peke yake, si kukunja mara mbili. 17 mara 18 ni mita za mraba 306. Ile ya chini kuzunguka nyumba ni kama 150, na haihamishiwi nyumba ya pili, inakunjwa kuelekea ndani na kutupwa. Ongeza ya madirisha. Jumla ukiwa na roli la mita 4 kwa 25, ni roli 5 kwa nyumba, 20 kwa kazi nzima.

Pembe za mabati zinatoboa nailoni. Weka kipande cha gunia au kadibodi kwenye ncha nne kabla ya tabaka la kwanza. Vipande vidogo, skrubu, vitambaa na ovaroli: mfuko mzito ndani ya mfuko mwingine, ujazwe nusu tu, hewa itolewe taratibu, shingo izungushwe, ipindwe na kufungwa kama shingo ya bata. Kila fungu liandikwe HATARI – ASBESTO – USIVUNJE, USIPUMUE VUMBI, kwa Kiswahili kwanza. Kwa gari, namba ya kimataifa ya kraisotaili ni UN 2590, na ya buluu au kahawia ni UN 2212.

Mto_Athi

Nyinyi wa Bongo malizieni upande wenu, mimi nasema wa Kenya. Asbesto ni taka hatarishi chini ya kanuni za usimamizi wa taka, na NEMA, mamlaka yetu ya mazingira, ina mwongozo wake mahususi wa kuishughulikia. Gari linalobeba liwe na leseni ya NEMA ya kusafirisha taka, na mzigo utembee na fomu ya kufuatilia taka inayojazwa na mwenye jengo, mbebaji na anayepokea. Bila sahihi ya anayepokea, mwenye jengo bado ndiye mwenye mzigo, hata kama umeshafika. Upande wa usalama wa wafanyakazi ni DOSHS, idara ya usalama na afya kazini. Zikeni tu kwenye eneo lililoidhinishwa. Kuchimba shimo nyuma ya jengo na kunyamaza, siku mtu akichimba msingi hapo anaanza upya.

Dereva asishuke kusaidia kupakia bila vifaa. Turubali lifunike juu hata kama kila kitu kimefungwa.

Mkaguzi_Saiti

Tanzania ni hivyo hivyo kwa namna yake: kibali cha taka hatarishi kupitia NEMC, wasimamizi wa mazingira, chini ya Kanuni za 2021, na OSHA, wakala wa usalama na afya kazini, wajulishwe kabla kazi haijaanza. Anza na karatasi, kwa sababu vibali vina siku zake na nailoni haina. Halmashauri nyingi hazina shimo la taka hatarishi, kwa hiyo umbali wa kwenda kuzika unaweza kula bajeti kuliko ufundi wote. Uliza mahali pa kuzika kwanza, ndipo utaje bei. Aliyetaja bei kabla ya kujua shimo liko wapi ndiye huyo huyo utamkuta anatupa korongoni usiku.

Pale shimoni: mafungu yashushwe, yasimwagwe kwa kupindua tipa. Yafunikwe siku hiyo hiyo. Kanuni za Marekani zinataka angalau sentimita 15 za udongo ulioshindiliwa kila siku ya kazi. Greda isipite juu ya mafungu yaliyo wazi. Kipimo cha mahali kiandikwe kwenye ramani.

Banda la kuku: hapana. Bati lililotolewa ni taka, hata likiwa zima.

MajiMtaani

Kuhusu simtanki. Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha asbesto kwenye maji ya kunywa, kwa sababu hakuna ushahidi unaokubaliana kwamba kuimeza kunadhuru. Kwa hiyo msiwatishe walimu kuhusu maji waliyokunywa. Shida ni tope la chini ya tanki na la kwenye gata: likikauka linakuwa vumbi. Gata zichotwe tope likiwa bichi, kwa mwiko mdogo, mfukoni. Tanki limwagwe, tope lichotwe likiwa bichi, kuta zifutwe.

Na kama kwenye eneo kuna bomba la maji la zamani la rangi ya kijivu linalofanana na saruji, msilikate kwa grinda mkiunganisha maji mapya. Hayo ni mabomba ya saruji ya asbesto, yamejaa miji mingi. Fungua kwenye kola ya kiungo, au tumia kikatio cha mnyororo kinacholibana mpaka likatike, huku maji yakipuliziwa. Yakibaki ardhini bila kuguswa hayana ugomvi na mtu.

FundiMorogoro

Swali la mwisho kwa upande wangu: papi za zamani tunaziacha? Na lini mwezekaji anaruhusiwa kupanda na mabati ya chuma?

Bi_Hadubini

Mashina ya skrubu yang'olewe sasa, si baadaye na mwezekaji. Papi na kenchi zifyonzwe au zifutwe kwa kitambaa kibichi upande wa juu na wa pembeni, kitambaa kikunjwe kila mfuto. Papi iliyooza isipigwe msasa wala kuchongwa, ifungwe kama taka. Ndani ya nyumba futa kuta, madirisha, sakafu, kwa ubichi. Ufagio mkavu usiingie. Nje, baada ya kukunja nailoni, watu watembee bega kwa bega wakiokota vipande. Chini ya ukingo wa paa, pale maji ya mvua yalipokuwa yakidondokea bila gata, kwangua udongo sentimita 3 hadi 5, maana nyuzi za miaka yote zimeshukia hapo.

Halafu mtu asiyekuwa kwenye kazi akague kwa tochi iliyolazwa pembeni, vumbi linaonekana kwa kivuli chake. Kwa paa la nje la saruji lililoshuka zima, ukaguzi wa macho ndio msingi. Mkitaka kipimo cha hewa ndani ya vyumba, pampu ivute lita 8 kwa dakika kwa saa moja, lita 480, kwenye kichujio cha mikroni 0.8, na nyuzi zihesabiwe kwa hadubini. Uingereza hawaruhusu chumba kukaliwa mpaka nyuzi ziwe chini ya 0.01 kwa mililita ya hewa. Kikomo chao kwa mfanyakazi ni 0.1 kwa wastani wa saa nne, na hicho ni mpaka wa kutovukwa, msikigeuze lengo.

Vichujio na ripoti vitunzwe pamoja na fomu ya shimoni na majina ya waliofanya kazi, tarehe na aina ya barakoa. Ugonjwa huu huja baada ya miaka 30, na fundi atakayeukuta atahitaji karatasi hiyo mbele ya daktari na mbele ya mfuko wa fidia.

Papi2x4

Nimeelewa. Nyundo imerudi stoo. Nakwenda kuuliza shimo kwanza, bei baadaye. Mwenye greda nimemwambia atafute kifusi cha matofali.

Mkaguzi_Saiti

Kifusi cha matofali ni sawa, mkuu, ila achambue kwanza. Nyumba za zamani zikibomolewa vipande vya kofia hujichanganya humo.